Mume amenyamaza, mtoto hataki Kiswahili: familia ya wakimbizi inapozoea Kampala kwa mwendo usiolingana

Swali: "Mimi ni mama wa watoto 3, tumetoka Bukavu, Kongo. Tuko Makindye, Kampala, tangu miezi 16. Bwana yangu alikuwa mwalimu wa sekondari. Sasa anashinda chumbani, hasemi na mtu, jioni anakunywa. Mtoto wetu wa kwanza, miaka 12, anaongea Luganda kama mzaliwa wa hapa. Nikimwita kwa Kiswahili mbele ya wenzake anajifanya hakusikia. Mimi natembeza vitenge, lakini usiku silali, nina mawazo mengi na moyo unapiga. Kaka yangu hatujui kama ni mzima. Cha ajabu, mwaka wa kwanza nilikuwa na nguvu. Huu ni ugonjwa, au ndiyo kuzoea? Tuanzie wapi?"

Jibu:

Mama, pole sana. Nianze na hilo uliloliona la ajabu, maana ndilo linalowachanganya wengi. Mwaka wa kwanza mlikuwa na kazi za kufanya: kuvuka mpaka, kupanga foleni ya kuandikishwa Old Kampala, kutafuta chumba, kujua maji yanauzwa wapi, kupata kodi ya mwezi. Mwili ulio katika hatari hauna nafasi ya kuomboleza. Unajikaza, unasonga. Siku mlango unapofungika vizuri na watoto wameshiba, mwili unalegea, na yale yaliyoahirishwa yanadai zamu yake: usingizi unakatika saa nane za usiku, moyo unadunda bila sababu, machozi yanakuja ukiwa unapika. Kuishiwa nguvu mwaka wa pili ni jambo la kawaida kwa aliyekimbia vita, wala halina maana kwamba Kampala imekushinda.

Huenda umesikia kwenye semina kwamba mgeni hupita hatua zenye umbo la U: kwanza furaha, kisha kushuka, kisha kupanda tena. Mchoro huo unatokana na utafiti wa Sverre Lysgaard wa mwaka 1955 juu ya Wanorwe waliokwenda Marekani kwa ufadhili wa masomo. Wale walichagua safari yao, walijua watarudi lini, na nyumba zao zilikuwa zinawasubiri. Usijipime nao.

Ninachokiona katika barua yako ni mwendo usiolingana. Mko safari moja, chumba kimoja, lakini kila mmoja amefika mahali tofauti, na ugomvi wa nyumbani unazaliwa katika pengo hilo. Mwanasaikolojia wa Kanada, John Berry, aliupanga mjadala huu kwa maswali mawili. Je, mtu anaona yale aliyotoka nayo kwao yanafaa kushikwa? Na je, anaona kuna maana ya kuchangamana na wenyeji? Anayejibu ndiyo mara mbili huchanganya ya kwao na ya ugenini. Anayeacha ya kwao akashika ya wenyeji humezwa. Anayeshika ya kwao tu hujitenga, na anayekosa yote mawili hubaki pembezoni. Mwanao anaelekea kumezwa. Mumeo anaelekea pembezoni, maana ya Bukavu yamemponyoka na ya Kampala hajayagusa. Wewe, kwa ajili ya vitenge vyako, uko katikati ukiwavuta wote wawili, na ndiye usiyelala. Kwa wastani wanaochanganya ndio wenye nafuu ya akili na moyo. Ila Berry mwenyewe anasisitiza kwamba mgeni hachagui peke yake, kwani wenyeji nao lazima waache mlango wazi. Hapa Kampala mlango huo una kizingiti ambacho Wakongo wengi hujikwaa bila kukiona, nacho ni Kiswahili chenyewe.

Bukavu Kiswahili ni lugha ya soko, ya kanisa na ya kubembeleza mtoto. Hapa, hasa kwa Waganda wenye umri, kinabeba kumbukumbu nyingine. Kilikuwa lugha ya askari tangu ukoloni, Idi Amin akakitangaza lugha ya taifa mwaka 1973, na wako wengi ambao Kiswahili chao cha kwanza kilikuwa "Kuja hapa!" ya kwenye kizuizi cha barabarani. Ukiingia dukani ukasema, "Nipe sukari kilo moja," wewe umeomba sukari, mwenye duka amesikia amri. Mwanao amelinusa hilo uwanjani mapema kuliko wewe. Anapojifanya hakusikia, anajikinga asichekwe, hajakukana. Sheria imebadilika: marekebisho ya katiba ya 2005 yalikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Hisia za watu zinafuata polepole.

Kwa hiyo jifunze Luganda, na usianze na kitabu. Anza na salamu, kwa sababu Buganda asiyesalimia huonekana ana kiburi hata akiwa na fedha mkononi. Asubuhi ni "Wasuze otya?" Mchana hadi jioni ni "Osiibye otya?" Ukimkuta mtu kazini, hata kama anafagia tu, sema "Gyebale ko". Ongeza "ssebo" kwa mwanamume na "nnyabo" kwa mwanamke. Ukisalimiwa, jibu "Bulungi", kisha mrudishie swali na umsubiri ajibu kabla hujaleta shida yako. Kosa linaloharibu biashara nyingi za kutembeza ni kukimbilia bei. "Ssente mmeka?" ije baada ya salamu, "salako" unapoomba kupunguziwa, "webale" unapoondoka hata kama hukununua. Hiyo "ko" ya mwishoni hulainisha neno, kama "naomba" inavyolainisha kwetu. Wanawake na wasichana wa Kiganda hupiga magoti wakiwasalimia wakubwa. Mgeni halazimishwi, lakini ukikunja goti kidogo mbele ya mama mwenye nyumba wako, utaona jinsi mazungumzo ya kodi yanavyobadilika sauti.

Una mtaji mkubwa ambao huenda hujauhesabu, maana Luganda na Kiswahili ni ndugu. Omuntu, omwana, ennyumba, amazzi, ennyama, enkoko, okulya, okulima: hayo huhitaji kutafsiriwa. Hata namba unazitambua: emu, bbiri, ssatu, nnya, ttaano. Yapo maneno ya kutega, kama okufumba, ambalo huku ni kupika. Chukua maneno 10 kila asubuhi, yale utakayoyatumia siku hiyohiyo barabarani, na umwombe mteja mmoja akusahihishe. Neno ambalo halikutumika kabla ya jua kuzama halikai. Ukikwama, sema "Simanyi Luganda", ucheke naye, uendelee. Kiingereza ni cha ofisi, shule na hospitali. Kampala wapo wanaowafundisha wakimbizi watu wazima, kama Jesuit Refugee Service na YARID, shirika lililoanzishwa na vijana Wakongo mwaka 2007. Kama muda unatosha kwa lugha moja tu, maoni yangu ni haya: wewe Luganda, mumeo Kiingereza. Kila mmoja ajifunze ile itakayomlipa haraka.

Kwa msomaji aliye kwenye makazi ya wakimbizi nje ya Kampala, lugha inabadilika. Nakivale, wilayani Isingiro, ni "Agandi?" na jibu lake "Nimarungi". Kyaka II iko Tooro na Kyangwali iko Bunyoro, na huko salamu haikamiliki bila empaako, jina la heshima analopewa kila mtu kutoka orodha ya majina 12 kama Amooti, Akiiki, Abwooli na Adyeri. Desturi hiyo iliingizwa mwaka 2013 katika orodha ya UNESCO ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Jirani akikuuliza "Empaako yaawe?" nawe huna, mwombe akupe moja. Hakuna njia fupi zaidi ya kuacha kuwa "yule Mkongo".

Sasa kijana wako. Usipigane naye barabarani. Nje aongee Luganda, ndani ya mlango wenu kiwe Kiswahili, na anzia kwenye chakula cha jioni tu. Akikujibu kwa Luganda, endelea kwa Kiswahili bila kumkemea. Masikio yake yanaendelea kuishika lugha hata kama ulimi umegoma. Mpe sababu ya kukitaka: azungumze na bibi yake kwa simu, asikilize mpira kwa Kiswahili, apewe kazi ya kutwanga sombe (majani ya muhogo) huku mkipiga hadithi. Atakapofika miaka 15 au 16 atakuwa na mambo mazito ya kuwauliza, na familia isiyo na lugha moja pana hushindwa kuongea wakati huo hasa.

Kuna jambo hukulitaja ila nalikisia, kwa sababu hutokea karibu kila familia ya aina yenu: huyu mtoto ndiye mkalimani wenu. Sokoni haina shida. Lakini anapotafsiri kwa mwenye nyumba, anajua deni lenu kabla baba yake hajaamua la kusema. Anapotafsiri kliniki, anasikia magonjwa ya mama yake, na wakati mwingine anaficha nusu kwa aibu, daktari akakosea dawa. Baada ya mwaka anajiona yeye ndiye mkuu wa nyumba, kisha mnamlaumu hana adabu. Mvue kazi hiyo. Kodi, kliniki, polisi na ofisi ya wakimbizi ya OPM (Ofisi ya Waziri Mkuu) ni mambo ya mtu mzima: mwombe jirani unayemwamini, na kwenye ofisi zinazohudumia wakimbizi uliza mkalimani kabla ya kuanza kueleza. Ni haki yako kuuliza.

Shuleni jihadhari na sifa ya haraka. Jim Cummins, aliyetafiti watoto wahamiaji Kanada, alionyesha kwamba lugha ya michezo hushikwa kwa miaka 2 hivi, lakini lugha ya kusomea na kufanyia mtihani huchukua miaka 5 hadi 7 mpaka mtoto awafikie wenzake. Mtoto anayetania kwa Kiingereza uwanjani akafeli sayansi darasani huitwa mvivu, na sivyo alivyo. Watoto waliosoma kwa Kifaransa mara nyingi hurudishwa madarasa 2 au 3 nyuma kwa sababu ya Kiingereza tu, na mvulana wa miaka 12 aliyekaa na wa miaka 8 huaibika hadi akaacha shule. Mwone mwalimu mkuu ana kwa ana. Omba apimwe hesabu peke yake, mbali na Kiingereza, na mkubaliane kwamba darasa lake litaangaliwa upya mwisho wa muhula. Kwenye makazi, aliyezidi umri sana anaweza kuingia mpango wa elimu ya haraka unaobana miaka 7 ya msingi katika ngazi 3.

Mumeo ndiye ninayemwogopea zaidi. Mtu aliyeitwa "Mwalimu" kila anapopita, asubuhi moja akawa mtu wa kulishwa na vitenge vya mkewe, amepoteza zaidi ya mshahara. Amepoteza jina. Maneno kama "kubali tu hali" huongeza kidonda. Anahitaji wajibu ambao bila yeye hautafanyika, na uanze mdogo, wiki hii. Hesabu haihitaji Luganda: mwachie masomo ya hesabu ya watoto wote 3, kila jioni dakika 40, kabla ya saa yake ya kunywa. Nimeweka saa hiyo kwa makusudi, kwa sababu pombe ya mtu mpweke hujaza nafasi tupu, na ukiijaza mapema inapungua bila mahubiri. Usiseme naye habari za pesa mbele ya watoto, na kodi, hata ikitoka kwenye vitenge, aipeleke yeye.

Kazi inaruhusiwa. Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inampa mkimbizi aliyetambuliwa haki ya kufanya kazi na kutembea nchini. Kinachokwamisha walimu ni karatasi na utaratibu wake. Diplôme d'État, cheti chenu cha kumaliza sekondari, itafsiriwe kwanza na mtafsiri anayetambulika, kisha ipelekwe UNEB, baraza la mitihani la Uganda, ambao hulinganisha vyeti vya sekondari vya nje. Shahada za juu hulinganishwa na NCHE, baraza la elimu ya juu. Usajili wa ualimu katika Wizara ya Elimu ni hatua nyingine tena. Wengi huanzia mwisho, wakafukuzwa mlangoni, wakakata tamaa. Hilo litachukua miezi, kwa hiyo lisiwe tumaini pekee. Huku akisubiri, Kiswahili anachokidharau sasa kina soko kwa wafanyabiashara wanaokwenda Mombasa na Goma, na kwa wazazi ambao watoto wao wameanza kukisoma. Wanafunzi wawili kwa juma wanatosha kumrudishia jina lake.

Halafu kuna kusubiri. Kama nyumbani kwenu begi halijafunguliwa kwa sababu huenda simu ya kwenda Marekani au Kanada ikalia, semeni waziwazi. Wakimbizi wanaohamishiwa nchi ya tatu hawafiki hata asilimia 1 kwa mwaka duniani, na Januari 2025 Marekani ilisimamisha mpango wake wa kuwapokea. Faili liache likae, lakini maisha yapangwe kwa miezi mitatu mitatu: muhula huu mtoto afike wapi, mtaji wa vitenge ufike wapi. Anayeishi kwa ajili ya simu hajifunzi salamu ya jirani yake. Na yeyote anayetaka pesa ili akusogeze mbele kwenye orodha ni tapeli, kwa kuwa UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, hailipishi hatua yoyote.

Mumeo akianza kukupiga au kuwapiga watoto, mambo ya kuzoea hayapo tena mezani. Mwenyekiti wa LC1 (baraza la mtaa), polisi, na simu ya bure 116 vipo kwa ajili hiyo, na Uganda ina Sheria ya Ukatili wa Majumbani ya 2010 inayomlinda mkimbizi sawa na mwenyeji.

Nikurudie wewe. "Mawazo mengi" ni jina zuri, sehemu nyingi za Afrika wanalo kwa lugha zao, lakini ndani yake kuna mambo tofauti. Huzuni inayokuja na kuondoka, ukacheka sokoni, ukala, ni mzigo wa maisha. Huzuni au kukosa hamu ya chochote karibu siku nzima, karibu kila siku, kwa wiki 2 au zaidi, pamoja na usingizi mbaya na uchovu, ni sonona na ina tiba. Ndoto za vita, kuona tukio kana kwamba linatokea sasa, kukwepa kila kinacholikumbusha na kushtuka kwa sauti ndogo, vikizidi mwezi na kukuzuia kazi, ni madhara ya kiwewe, nayo yanatibika: Nakivale kwenyewe, wakimbizi waliofunzwa ushauri waliwasaidia wenzao wa Rwanda na Somalia kwa kuwasimulisha maisha yao kwa mpangilio, na matokeo yakachapishwa mwaka 2008. Rhino Camp, makazi mengine ya wakimbizi, wanawake 694 wa Sudan Kusini walishiriki katika utafiti wa vikao 5 vya kikundi vya kupunguza msongo, uliochapishwa 2020, na waliopewa vikao hivyo walipata nafuu kuliko wenzao.

Kwa usiku wa leo: moyo ukidunda, weka mkono tumboni, vuta pumzi ukihesabu hadi 3, itoe ukihesabu hadi 3, tumbo lipande na kushuka, kifua kitulie, dakika 5. Fanya mchana pia ukiwa mtulivu, maana zoezi linaloanzishwa katikati ya hofu halishiki. Amka saa ileile kila siku hata kama hukulala. Mchana chukua karatasi, andika shida zote, zigawe: zinazotatulika na zisizo mikononi mwako. Katika zinazotatulika chagua ndogo moja, uipangie siku na saa. Huo ndio msingi wa PM+, mpango wa Shirika la Afya Duniani wa vikao 5, na washauri wengi wanaofanya kazi na wakimbizi nchini wanaufahamu. Usinunue diazepamu kwenye duka la dawa ili ulale. Baada ya wiki chache mwili unaidai, na usingizi wake hauponyi kiwewe.

Kaka yako ana nafasi yake. Mtafiti wa Marekani, Pauline Boss, aliupa jina msiba wa namna hii, upotevu usio na uhakika: hakuna kaburi, hakuna habari, kwa hiyo huwezi kulia ukamaliza. Usijilazimishe kuamua kama yu hai. Fungua faili la kumtafuta kwa Msalaba Mwekundu wa Uganda, ni bure. Nenda na majina yake kamili, majina ya baba na mama, mahali na mwaka wa kuzaliwa, na mahali na tarehe alipoonekana mara ya mwisho. Mwombeeni kanisani pia. Makanisa ya Wakongo hapa ni nguzo kubwa ya watu wetu, ila mchungaji akikuambia uache dawa ya hospitali, omba naye na dawa uendelee nayo.

Dalili zako zikizidi wiki 2, nenda kituo cha afya cha serikali. Kwa Makindye, Kisugu kiko karibu, na huduma ni bure kwa mkimbizi kama kwa Mganda. Angalia usifanye kosa moja: wengi husema tu "kichwa kinauma, moyo unapiga", wanapimwa malaria, wanapewa dawa za vidonda vya tumbo, wanarudi mwezi ujao vilevile. Andika kabla ya kutoka nyumbani: usingizi saa ngapi, tangu lini, hamu ya kula, ndoto, unakumbuka nini, kazi imepungua kiasi gani. Omba waziwazi kuonana na anayeshughulikia afya ya akili, au rufaa. Na kama wewe au mumeo mtafikia kuwaza kufa, au mmoja akaanza kusikia sauti ambazo wengine hawasikii, msisubiri wiki 2 hizo. Nendeni siku hiyohiyo, hata Butabika, hospitali ya taifa ya afya ya akili, moja kwa moja, mkiwa na kitambulisho cha mkimbizi na mtu mzima wa kutafsiri. Mtoto abaki nyumbani.